Kilichokwisha Kulipiwa

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa wazazi. Wengi hamkuweza kufika, na waliofika wameniomba niiweke yote kwa maandishi. Nimeiacha kama nilivyoisema, pamoja na utani wake. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziondoa. Hamkosi kitu, nyingi zilikuwa picha za masufuria.

Mama zangu, baba zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mlioletwa hapa kwa nguvu, habari za mchana!

Nianze na swali. Nani kati yetu ametupa chakula wiki hii? Inueni mikono tafadhali. Moja... mbili... tatu. Watatu tu! Basi ama nimealikwa kwenye mkutano wa malaika, ama kuna watu wamekaa karibu na wenzi wao na wanaogopa. Haya, mimi nainua wa kwangu. Juzi nimemwaga bakuli zima la maharage. Nilikuwa naandaa hotuba hii ya kubana matumizi, nikayasahau mezani usiku kucha.

Mnacheka. Chekeni, lakini yafikirieni yale maharage. Nilikuwa nimekwisha kuyalipia. Gesi iliyoyapika nilikuwa nimekwisha kuilipia. Maji, kitunguu, mafuta, saa yangu nzima ya jioni, vyote vimekwisha kulipiwa. Halafu vyote vikaingia kwenye ndoo ya taka.

Tunapotaja kubana matumizi, wote tunakimbilia dukani. Wapi kuna punguzo? Nini kimeshuka bei? Mimi leo nataka turudi nyuma ya hapo, tuanze na kile kilichokwisha kulipiwa. Hakuna punguzo la bei, popote pale, linaloshinda kutumia mpaka mwisho kitu ambacho fedha yake ilikwisha kutoka mfukoni mwako.

Sasa, mimi ni nani wa kuwaambia haya? Mimi ni karani wa hesabu. Kazi yangu ni kuhesabu fedha za watu, na naifanya vizuri. Lakini kwa miaka saba ya mwanzo ya ndoa yangu sikujua fedha za nyumbani kwangu zinakwenda wapi. Mchana nilitafuta senti iliyopotea kwenye vitabu vya ofisi mpaka naipata. Jioni nafika nyumbani, pochi tupu, wala sijui imekuwaje.

Mwezi mmoja, tarehe 20, mishahara ya watu wawili ilikuwa imekwisha. Mume wangu, yule pale safu ya tatu, anayejifanya kutazama dari, akasema, "Ni marashi yako." Mimi nikasema, "Ni marafiki zako." Tukanuniana siku tatu. Siku ya nne tukachoka, tukanunua daftari. Tukawekeana sharti moja: kwa siku 30 kila mtu ataandika kila anachotoa, hata kiwe kidogo namna gani, na hakuna ruhusa ya kumlaumu mwenzako. Kuandika tu.

Mwisho wa siku 30 tukakaa mezani na kalamu nyekundu. Ndugu zangu, haikuwa marashi. Haikuwa marafiki. Ilikuwa safari za dukani. Nilizihesabu: safari 41 katika siku 30. Mtu anatumwa chumvi, anarudi na chumvi na biskuti. Anatumwa sabuni, anarudi na sabuni, soda na kitu kinachong'aa ambacho hakuna aliyekijua jina. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na sisi tulikuwa tunalibandua gogo letu mara 41 kwa mwezi.

Tulifanya nini? Hatukufuta kitu hata kimoja kwenye orodha ya mahitaji. Tulifuta safari. Tukawa tunakwenda dukani mara mbili kwa wiki, na karatasi mkononi, baada ya kula. Narudia: baada ya kula. Mtu mwenye njaa akiingia dukani, tumbo ndilo linaloshika pochi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tunaisema sana, tena tunaisemea wafanyabiashara, kana kwamba nyumba si mahali pa kuingiza na kutoa fedha. Huko Japani kulikuwa na mwandishi wa habari mwanamke aliyeitwa Hani Motoko. Mwaka 1904 alichapisha daftari la hesabu za nyumbani, na Wajapani wanatumia madaftari ya namna hiyo mpaka leo, wanayaita kakeibo. Watumiaji wake hujiuliza maswali manne: Nina kiasi gani? Nataka kuweka kiasi gani? Natumia kiasi gani? Nirekebishe wapi? Angalieni mpangilio huo. Kuweka kunakuja kabla ya kutumia. Sisi wengi tunatumia kwanza, halafu tunaweka kinachobaki. Na kinachobaki huwa ni nini? (Mkutano ukajibu kwa sauti moja: "Hakuna!") Mmesema wenyewe.

Najua simu zenu zina programu za kazi hiyo. Zitumieni kama zinawafaa. Mimi napenda kalamu. Mkono unaoandika "biskuti" kwa mara ya tano huona aibu. Kidole kinachobonyeza hakioni.

Sasa twendeni jikoni, na hapa mniruhusu nikae kidogo, kwa sababu fedha nyingi zimelala huku.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa ripoti mwaka 2024 kuhusu chakula kinachotupwa duniani. Kwa mwaka 2022 pekee walikadiria tani bilioni 1.05. Hiyo ni asilimia 19 ya chakula chote kilichowafikia walaji. Mtasema, hiyo ni hoteli kubwa, ni maduka makubwa. Hapana. Asilimia 60 ya chakula hicho kilitupwa majumbani. Ni mimi na bakuli langu la maharage. Ni wewe pia, mzee wangu, ingawa hukuinua mkono.

Nilipoisoma habari hiyo nilichukua ndoo ndogo yenye kifuniko nikaiweka kando ya ndoo ya taka. Nikatangaza nyumbani: wiki hii maganda na mifupa viende kule, lakini chochote ambacho kingeweza kuliwa na binadamu kiende kwenye ndoo hii. Sikumkataza mtu kutupa. Niliomba tu kitupwe mahali pamoja. Jumapili nikaifungua.

Mnajua nilichokuta? Kulikuwa na mikate iliyoota ukungu, wali, majani ya mboga yaliyonyauka na nusu paketi ya maziwa. Vyakula vile vile, siku baada ya siku. Kila nyumba ina vitu vyake vitatu vinne inavyovitupa, wala si vingi. Ukivijua, kazi imekuwa nusu. Fanyeni wiki moja tu, msihitaji kunisikiliza mimi, muisikilize ndoo.

Tuvichukue kimoja kimoja. Mkate: siku hizi ukifika nyumbani nakata nusu, naiweka kwenye friza siku ile ile ukiwa bado mbichi. Kipande kinatoka barafuni kinakwenda kwenye kikaango moja kwa moja. Mkate uliokauka bila ukungu unafaa kwenye supu, au unasagwa chenga. Ukiwa na ukungu, hapo basi, tupa. Usikate kipande chenye ukungu ukala kingine, kwa sababu kwenye kitu laini kama mkate ukungu hupenya mbali kuliko macho yanavyoona. Kubana matumizi kusitupeleke hospitali.

Na hapo hapo niseme juu ya wali, kwa kuwa wengi hawalijui hili. Kwenye mchele huwa kuna mbegu za bakteria ambazo kuchemka hakuziui. Wali ukiachwa mezani kwa saa nyingi, bakteria wale wanazaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo hata ukipasha moto mara ngapi haiondoki. Kwa hiyo wali uliobaki usiulaze sufuriani. Utandaze kwenye sahani pana upoe haraka, uingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita tangu uive, uliwe kesho, upashwe mara moja tu na uwe wa moto kabisa. Huna friji? Basi pika wa kutosha mlo mmoja. Kipimo cha kikombe kwa kila mlaji kitakuokoa kuliko friji.

Mboga za majani: tatizo langu lilikuwa jirani yake. Nilikuwa naziweka pamoja na ndizi na matunda mengine yanayoiva. Matunda hayo hutoa gesi inayoitwa ethilini, ndiyo inayoyaivisha, na gesi hiyo hiyo hugeuza majani kuwa ya njano. Nikavitenganisha. Basi. Ni hilo tu. Na maziwa yangu yalikuwa yanakaa kwenye mlango wa friji, mahali penye joto kuliko pote, kwani kila ukifungua ndipo hewa ya nje inapopiga kwanza. Yakahamia ndani, nyuma. Friji yenyewe iwe nyuzi 4 au chini yake.

Halafu, ndugu zangu, someni maandishi ya tarehe kwenye paketi. Kuna "tumia kabla ya" na kuna "bora kabla ya". Watu wanayasoma kama kitu kimoja. La kwanza ni la usalama: nyama, samaki, maziwa mabichi, tarehe ikipita usijaribu. La pili ni la ubora. Biskuti, tambi, unga ulio mkavu na paketi isiyotoboka havigeuki sumu usiku wa manane wa tarehe hiyo. Vitazame, vinuse, vionje. Mimi nimetupa tambi nzima kwa miaka kwa sababu ya neno nililosoma haraka.

Nimeweka pia rafu moja kwenye kabati na sehemu moja kwenye friji tunayoiita "kwanza hapa". Kinachokaribia kuharibika kinakaa hapo. Anayepika, kabla ya kuwaza atapika nini, anatazama hapo. Zamani nilikuwa naanza na swali "Leo nataka kula nini?" Siku hizi naanza na "Leo nini kinataka kuliwa?" Mume wangu analiona swali hili ni la kichaa, lakini anakula.

Chakula kimeokoka. Tuje kwenye moto uliokipika, maana nao umelipiwa.

Bibi yangu alikuwa na tabia moja iliyotufanya wajukuu tumcheke. Sufuria ya maharage ikichemka sawasawa, aliiepua, akaifunga kwa mablanketi mawili ya zamani, akaitia kwenye kikapu kikubwa, akaifunika na mto. Akaenda shambani. Sisi tukawa tunasema, "Bibi amelaza maharage, yana homa." Anarudi mchana, anafungua, yameiva. Moto ulikuwa umezimwa tangu asubuhi.

Nilipokua nikagundua bibi hakuwa peke yake. Katika maonyesho ya kimataifa ya Paris ya mwaka 1867, Mnorwe mmoja aitwaye Johan Sørensen alionyesha sanduku la kupikia lililofanya kazi hiyo hiyo: linahifadhi joto, chakula kinaendelea kuiva bila moto. Uingereza wakati wa vita viwili vya dunia, nishati ilipokuwa adimu, watu walihimizwa kutengeneza masanduku kama hayo na kuyajaza majani makavu. Maarifa ni yale yale ya blanketi la bibi. Moto haupiki kwa kuwaka. Unapika kwa joto, na joto ulilokwisha kulilipia ukilifunga haliendi mbali.

Nifafanue, maana hapa kuna la hatari. Maharage yalowekwe usiku, angalau saa tano, maji ya kulowekea yamwagwe. Kisha yachemke kwa nguvu, mapovu yakiruka, kwa dakika zisizopungua 10, na mimi huongeza mpaka 30. Hasa maharage mekundu: yana sumu ya asili ambayo mchemko wa nguvu huivunja, lakini joto la polepole haliivunji. Mtu anayeyaingiza kwenye kikapu kabla hayajachemka sawasawa anajitafutia kutapika. Yakishachemka hivyo, funika, funga, yaache saa nne tano. Ukifungua, yachemshe tena kabla ya kula. Na sufuria iwe imejaa. Sufuria yenye maharage kidogo na hewa nyingi inapoa upesi.

Kwa wasiotaka mablanketi jikoni, nitawapa ya rahisi. Funika sufuria. Sufuria isiyo na kifuniko unaipikia dari. Kikichemka, punguza moto, kwa sababu maji yakishafika kuchemka hayazidi joto hata uwashe moto wa kuyeyusha chuma. Yanageuka mvuke tu. Na kwenye birika la umeme chemsha vikombe unavyohitaji. Wageni wawili, maji ya watu kumi, ya nini?

Umeme niuseme kwa hesabu moja, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yangu. Watu wanagombana nyumbani kwa sababu ya taa. Birika la wati 2,000 likiwaka dakika 6 limekula uniti 0.2. Taa ya kisasa ya LED ya wati 8 kwa uniti hizo hizo itawaka saa 25. Saa 25! Mchana kutwa na usiku kucha na saa moja ya nyongeza. Kwa hiyo, baba unayemfokea mtoto kwa taa ya chooni huku pasi imeachwa kwenye umeme, unafukuza panya na fisi yuko ndani. Kinachokula ni kile kinachotoa joto: pasi, birika, jiko, hita ya maji, na mashine ya kufulia inapopasha maji. Nguo nyingi za kila siku hutakata kwa maji baridi.

Maji: weka beseni chini ya bomba linalodondosha usiku kucha, asubuhi ulipime. Sitawapa takwimu, beseni litawapa. Choo cha kuvuta: tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi, usivute kwa dakika 15. Ukiona rangi imeshuka bakulini, choo kinavuja. Mara nyingi dawa yake ni kipande cha mpira ambacho fundi anakibadilisha haraka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunaijua.

Sabuni: punguza kipimo kwa theluthi, uone kama kuna tofauti. Siki huondoa ukoko wa chokaa kwenye birika. Lakini siki na blichi, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, visikutane kamwe, wala blichi na kitu chenye amonia. Hutoa gesi ya sumu. Nimewahi kusoma vidokezo vya "sabuni ya kutengeneza nyumbani" vinavyochanganya kila kitu kilichopo chini ya sinki. Mwandishi wa kidokezo kile sijui kama bado anapumua vizuri.

Sasa, kununua. Sikusema tusinunue.

Kuna mwaka nilipata punguzo kubwa la mchele. Gunia zima. Nikapiga hesabu hapo hapo dukani, kila kilo inapungua kwa robo! Karani wa hesabu, nikajiona bingwa. Nikakopa kidogo nikanunua. Miezi miwili baadaye mwanangu akaniita: "Mama, mchele unatembea." Fukusi. Nusu ya gunia ilikwenda kwa kuku wa jirani, ambao walinenepa sana. Ile robo niliyookoa ikala nusu niliyonunua.

Kwa hiyo naomba mjiulize maswali mawili mbele ya kitu kikubwa kilichoshuka bei. La kwanza: kwa kipimo kimoja ni bei gani kweli? Gawanya bei kwa uzito, tena kwa uzito ulioandikwa, maana paketi hupungua ndani huku sura na bei vikibaki pale pale, na paketi kubwa si kila mara nafuu. La pili: tutakimaliza kabla hakijaharibika? Sabuni ya mche na chumvi nunua kwa wingi ukiweza, haviozi. Nafaka nunua za mwezi, ziweke kwenye chombo kinachofunga bila kupitisha hewa. Ukiwa na friza, zilaze humo siku nne kwanza, mayai ya wadudu yafe. Mafuta na viungo vya kusaga, nunua kidogo kidogo.

Na rahisi? Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Viatu vya shule vya mwanangu wa pili nilivinunua vya bei ya chini mara tatu kwa mwaka mmoja. Mwaka uliofuata nikanunua jozi moja iliyokuwa ghali mara mbili. Ikadumu mwaka mzima, akaachiwa mdogo wake. Hesabu ni ya darasa la tatu: gawanya bei kwa siku za kuvaa. Lakini niwe mkweli, hesabu hii inamfaa mwenye fedha ya kulipa mara mbili leo. Asiye nayo analazimika kununua mara tatu. Umaskini una gharama zake, na si haki kumwambia mtu ni uvivu wa kufikiri. Ndiyo maana akiba ndogo ya kwanza, hata ndogo namna gani, ndiyo ngumu na ndiyo yenye thamani: inakununulia ruhusa ya kuchagua kitu kinachodumu.

Hapo inaingia adui wa akiba. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Rafiki yangu, sitamtaja, alikopa kwa mkopeshaji wa mtaani ili anunue makochi. Riba asilimia 10. Akaniambia, "Kumi tu." Nikamuuliza, kumi kwa nini? Kwa mwaka? Akasema kwa mwezi. Akashindwa kulipa, riba ikawa inaongezwa juu ya deni. Tukakaa na kalamu. Deni la 100 linakuwa 110, mwezi wa pili 121, mwezi wa tatu 133. Mwezi wa kumi na mbili ni 314. Mara tatu na zaidi! Makochi yalikuwa yamepasuka, deni ndilo lililonona. Neno "tu" msilikubali mpaka muulize "kwa muda gani". Na ukiwa na madeni mawili matatu, lipa kiwango cha chini kwa yote, kisha kila ziada ipeleke kwenye lile lenye riba kubwa, si lile linalokukera zaidi.

Madeni mengi, nimeona, huanzia kwenye dharura ambazo si dharura. Shule hufunguliwa kila mwaka, kwa tarehe inayojulikana, na kila mwaka tunashtuka! Bima, kodi, sare, matengenezo ya paa kabla ya mvua: andika yote ya mwaka, jumlisha, gawanya kwa 12, weka hicho kila mwezi kwenye bahasha usiyoigusa. Bahasha yangu nimeiandika "Mshtuko".

Nakaribia mwisho, na hili ndilo nililolijua kwa kuchelewa. Kubana matumizi kunakofanywa na mtu mmoja ndani ya nyumba kunaitwa ubahili. Kukifanywa na wote kunakuwa mchezo.

Mwanzoni nilifanya peke yangu. Nilikuwa askari. Zima taa! Funga bomba! Nani amemaliza sukari? Watoto wakaanza kunyamaza nikiingia. Ndipo mume wangu akatoa wazo. Msimpigie makofi, mtamharibu. Akampa binti yetu wa miaka tisa kazi ya kusoma mita ya umeme kila jioni na kila asubuhi na kuiandika kwenye daftari. Wiki ya pili akaja na daftari lake mkononi, uso umekunjwa kama mkaguzi. "Mama, usiku sisi tumelala lakini mita inakimbia." Tukatembea nyumba nzima na tochi. Ilikuwa hita ya maji. Swichi yake iko nyuma ya pazia, ilikuwa inawaka saa 24, sijui tangu lini. Miaka yote nilikuwa nafokea taa.

Tangu hapo kila mmoja ana kitu chake cha kulinda. Mkubwa analinda rafu ya "kwanza hapa". Baba ana mabomba. Na kila mmoja, hata mdogo kabisa, ana fungu lake kwenye daftari, fungu lisiloulizwa. Anunue pipi, anunue kamba, anunue upepo. Marashi yangu yamo humo. Nyumba isiyo na fungu la starehe watu wake watalipata kwa kuiba, nami sitaki kuibiwa na watu ninaowapikia.

Nilikuwa na la kusema juu ya kushona na kubandika viraka, lakini yule wa safu ya tatu ananionyesha saa. Na mama mwenye kitambaa cha kijani ameinua mkono tangu nilipotaja wali. Haya mama yangu, uliza.